Je, Droo za Nyuma Zinaweza Kutabiri Namba za Kesho?

Mada kwa viongozi wa vikoba na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), Kirumba, Mwanza



Siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imepumzishwa, pitieni mialo yetu kuanzia hapa Kirumba hadi Igombe. Mtawakuta vijana wameinamia kaunta buku. Ndani mna namba za droo za bahati nasibu zilizopita, safu kwa safu, nyingine zimezungushiwa wino mwekundu: hizi zinatoka sana, zile zimelala muda mrefu, kwa hiyo zinakaribia kutoka. Madaftari hayo yameandikwa kwa uangalifu kuliko hesabu za vikundi vyetu vingi. Siwezi kuyaita upuuzi, maana wenyewe wamefundishwa na ziwa.

Mvuvi wa dagaa anajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa taa zake hazivuti kitu, na giza likirudi kazi inarudi. Mavuno ya jana yanamwambia jambo la kweli kuhusu kesho, kwa sababu mwezi na samaki vinakwenda pamoja. Mtu aliyekulia katika elimu hiyo akiona orodha ya namba, lazima aitafutie msimu. Droo haina msimu.

Chukueni mchezo wa tarakimu tatu, 0 hadi 9, kama Tatu Mzuka uliovuma nchini kuanzia 2017. Kwa mpangilio kamili, namba zinazoweza kutoka ni 1,000. Kama 471 imetoka saa hii, nafasi yake saa ijayo ni 1 kati ya 1,000. Na 802 ambayo haijaonekana mwaka mzima? Ni hiyo hiyo, 1 kati ya 1,000.

Mtauliza, mbona tarakimu fulani hulala kweli? Hulala, na hesabu yenyewe inatuambia itakuwa hivyo. Katika droo 10 za mchezo huo hutoka tarakimu 30. Uwezekano kwamba angalau tarakimu moja haitaonekana kabisa humo ni kama asilimia 37. Anayetunza daftari ataiona mara kwa mara, naye atadhani amegundua siri.

Kulala huko kumewafilisi watu wengi kwingine. Nchini Italia, namba 53 ya droo ya Venice haikutoka kwa takriban miaka miwili, hadi Februari 2005. Kadiri ilivyochelewa ndivyo watu walivyozidi kuiwekea fedha, wengine akiba yote ya nyumba. Bulgaria ikaonyesha upande wa pili: Septemba 2009, namba 4, 15, 23, 24, 35 na 42 zilitoka katika droo mbili mfululizo. Kila aliyezifuta daftarini kwa kuwa zimeshatoka alizikosa. Watu 18 walizipata mara ya pili, wakagawana.

Matokeo ya nyuma yana kazi moja ya halali, nayo ni ya mkaguzi. Pennsylvania, Marekani, mwaka 1980, mipira iliongezewa uzito kwa rangi, isipokuwa ya 4 na 6. Ikatoka 666, na wahusika wakafikishwa mahakamani. Wizi wa namna hiyo ukirudiwa, rekodi ndefu husaidia kuubaini. Ndiyo maana naona ni haki yetu kuidai Bodi ya Michezo ya Kubahatisha itunze rekodi hizo na kuzikagua.

Kwa mchezaji, hesabu inayofaa ni nyingine. Tuseme mchezo wa tarakimu tatu unalipa mara 200 ya dau. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye kila namba, zote 1,000, umetoa milioni 1, na umehakikishiwa 200,000. Laki nane zimekwenda, hata kwa aliyezichezea namba zote.

Ninachoomba kwa viongozi wa vikoba ni kwamba msimnyang'anye kijana daftari lake. Mwongezeeni safu mbili, ya dau na ya alichopokea, kisha mjumlishe naye kila mwisho wa mwezi, kabla ya kikao cha marejesho.