MTOTO WA CHUO KIKUU ASOME MAMBO MANGAPI?

(Mazungumzo na wanakisomo wa Ikoma, Wilaya ya Serengeti)



Juma lililopita, baada ya somo la hesabu, mzee mmoja alibaki darasani. Alituambia hivi: "Walimu, nimeuza ng'ombe watano ili binti yangu asomee udaktari wa mifugo chuo kikuu. Sasa ananiambia wanafundishwa pia mambo ya maendeleo, na sheria, na namna ya kuandika. Mimi nimeuza ng'ombe ili asome ng'ombe. Hayo mengine ya nini?"

Swali hilo ni zito. Ng'ombe watano si mchezo. Tulimwahidi kumjibu mbele yenu nyote.

Hebu tuanze na mbuga yetu. Mmesikia habari za sotoka kutoka kwa wazee. Ugonjwa huo uliingia nchi hizi miaka ya 1890. Uliua ng'ombe, ukaua nyati na nyumbu, na njaa ikafuata. Miaka ya 1950 na 1960, ng'ombe wa kando ya Serengeti walichanjwa. Waliochanjwa ni ng'ombe, si nyumbu. Lakini sotoka iliwatoka nyumbu pia, kwa sababu ng'ombe hawakuwaambukiza tena. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kiasi cha 250,000. Mwisho wa miaka ya 1970 walifika kama 1,300,000.

Sasa fuateni vizuri. Nyumbu wengi hula nyasi nyingi. Nyasi zikiwa chache, moto wa kiangazi hukosa cha kuchoma. Moto ukipungua, miche ya miti hukua. Mnaona? Sindano aliyochomwa ng'ombe ilikuja kuotesha miti porini! Nani angeligundua jambo hilo peke yake? Bwana mifugo anatazama ng'ombe, bwana misitu anatazama miti. Ilibidi watu wa mifugo, wa wanyama pori, wa nyasi na wa hesabu wasikilizane.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walikufa, kiasi cha theluthi moja yao. Kilichowaua ni distempa, ugonjwa wa mbwa, nao ulihusishwa na mbwa wa vijijini. Baadaye mbwa wa vijiji vya karibu wakachanjwa. Haya, daktari anafika kijijini na sindano yake. Mwenye mbwa anasema, "Huyu analinda mbuzi wangu. Mkimchoma akafa, nani atanilipa?" Hapo ujuzi wa sindano umekwisha. Daktari anahitaji kujua watu wanaishije, sheria inasemaje, na mzee huzungumzwa naye namna gani. Asipojua hayo atarudi na sindano zake mfukoni.

Hata sisi walimu yalitukuta. Chuo cha ualimu kilitupa masomo mawili ya kufundisha, tukaja hapa tumejaa. Mama mmoja akatuomba tumsaidie kuandika barua ya kifuta jasho, kwa kuwa tembo wamemaliza mahindi yake. Kumbe malipo hayo hufuata ekari zilizoharibiwa na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi! Palitakiwa kupima shamba, kujua kanuni, na kuandika barua inayoeleweka. Tuliweza kuandika tu. Tuliona haya, tukaenda kuuliza kwa bwana nyamapori kama wanafunzi.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU. Kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, tayari palikuwa na hoja kwamba mwanasheria na mhandisi wote wajifunze nchi yao ikoje. Ndiyo maana hadi leo wanafunzi husoma maendeleo pamoja na fani zao. Na hapa hapa mkoani kwetu, Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye. Sisi tunaona ulikuwa na maana, ingawa uliwachelewesha wengine. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alipokuwa Edinburgh mwaka 1949 hadi 1952 alisoma historia, uchumi, falsafa na fasihi ya Kiingereza. Mtu huyo huyo alitawala nchi, na tena akafasiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili.

Lakini mzee wetu hakukosea kabisa. Yupo msomi anayejua kidogo cha hiki na kidogo cha kile, na ndama akiugua hana msaada. Huyo hatumtaki. Binti kwanza ajue ng'ombe, amjue hasa, mpaka damu na kinyesi chake. Tunachosema ni kwamba ng'ombe huyo ana mwenyewe, ana malisho, na anapakana na hifadhi.

Mzee alitusikiliza, akatikisa kichwa, akauliza tena: "Na mkopo wa Bodi, atalipa yeye au mimi?" Tulimjibu kwamba atalipa binti.

Binti anakuja likizo. Tumemwomba aje darasani na daftari zake zote, ile ya mifugo na ile ya maendeleo. Mzee amesema atakaa mbele.