Barafu ya Ruwenzori na mipaka yetu

Msikilizaji wa Baraka na Ubwari, upande wa Kongo wa milima ya Ruwenzori umo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Zamani barafu ilishuka mbali sana kutoka kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Ilipoyeyuka iliacha mabonde mapana, vilima vya mawe na maziwa madogo. Leo hata barafu iliyosalia inakwisha.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Sisi wa Fizi nasi tuna mlima wa kulinda: sehemu ya milima ya Itombwe, iliyotangazwa hifadhi mwaka 2006 bila wakaaji kushirikishwa ipasavyo. Ni kweli, mlima ukilindwa, mito nayo hupona. Lakini mkulima naye anahitaji shamba, na haki yake si ndogo. Naamini ulinzi usio na wenyeji haudumu. Je, mipaka ya hifadhi achore nani?