Kuteremka Kerio kwa Pikipiki: Kundi Lijipange Mapema

Waendeshaji pikipiki wa Eldoret,

Barabara ya kwenda Kabarnet hupanda hadi Iten, mji ulio takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo huteremka kwa kona kali kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio, kisha hupanda tena vilima vya Tugen.

Hatari kubwa iko kwenye mteremko. Wapo wanaozima injini ili kuokoa mafuta. Hapo breki hubaki zikibeba uzito wote peke yazo. Zikipata moto sana hukosa kushika, na kona bado ziko mbele. Gia ndogo huifanya injini isaidie kupunguza mwendo.

Kwa hivyo kundi likutane siku moja kabla. Breki, magurudumu, mnyororo na taa zikaguliwe. Mwenye uzoefu aongoze, na anayejua ufundi afunge msafara nyuma. Asiyeizoea njia akae karibu na kiongozi, na mwendo wake ndio uwe mwendo wa wote. Vituo vya kungojana viwe Iten, Tambach na daraja la Mto Kerio. Mvua ikinyesha au ukungu ukitanda, safari ingoje.

Sheria inamtaka kila mmoja, abiria pia, avae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga. Abiria ni mmoja tu. Kukitokea ajali, pigeni 999 au 112.

Wakiondoka kumi, warudi kumi.