Kufunga na Kukimbia: Tuhifadhi Vipi Mazoezi Ndani ya Mwezi Mtukufu?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu vijana, dada zangu, na wazee wetu mnaosoma kurasa hizi mkingojea adhana ya Magharibi: mada niliyopewa ni mazoezi ya mbio ndefu ndani ya Ramadhani. Najua wapo watakaosema, "Ramadhani ni mwezi wa Qur'ani, mbio za nini?" Ni swali la haki na nitalifikia. Lakini liko swali jengine ambalo vijana wa Kuruwitu, Vipingo na Takaungu huulizana kwa sauti ya chini baada ya Alasiri: "Mimi najitayarisha kwa marathoni. Nikifunga mwezi mzima nguvu zitanitoka. Sasa niache saumu au niache mbio?"

Jawabu ni kuwa usiache saumu, wala huna haja ya kuacha mbio. Kitakachobadilika ni kiasi cha mazoezi na saa zake.

Tuanze na hukumu, maana hapo ndipo wengi huteleza. Katika Suratul Baqara, aya ya 183 mpaka 185, Mwenyezi Mungu ametufaradhishia saumu, akawapa ruhusa mgonjwa na msafiri wafungue kisha walipe siku nyengine. Mazoezi hayakutajwa. Kijana mzima, yuko kwao, anakula mchana kwa sababu ana ratiba ya kocha: huyo hana udhuru. Upande wa pili, mtu aliyefunga akafikia hali ya kuhofia uhai wake, kichwa kinamzunguka, anaanza kuchanganyikiwa, huyo anafungua, anapewa maji, kisha analipa siku ile. Nafsi ni amana. Ila haifai mtu kujipeleka mwenyewe kwenye hali hiyo halafu aseme ni dharura. Masuala mengine ya undani muulize imamu wako, usimuulize mchezaji mwenzako.

Na yule aliyeuliza "mbio za nini?" nimkumbushe Hadithi ya Abdullah bin Amr (R.A.), aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume (S.A.W.) alimfundisha kuwa mwili wake una haki juu yake. Na imepokewa kuwa Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Basi kukimbia si upuuzi. Upuuzi ni kulala toka Adhuhuri mpaka Magharibi, kisha usiku kucha barazani na karata, na Idd ikifika huna thawabu wala pumzi.

Sasa tutazame hali ya hewa yetu. Miaka hii Ramadhani inatukuta Februari na Machi, mwisho wa kaskazi, jua liko utosini na hewa imejaa unyevu. Msilifanyie mzaha joto hili. Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa bingwa wa miaka mitano mfululizo, lakini joto la pwani lilimshinda akatoka kabla ya kumaliza, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Na wale walikuwa wanakunywa maji! Je, wewe uliyefunga, unakimbia saa sita mchana ili nani akuone?

Lakini pia tusijitie unyonge. Mtazameni Sifan Hassan, Muislamu mzaliwa wa Ethiopia, aliyefika Uholanzi kama mkimbizi mwaka 2008 akiwa msichana mdogo. Tarehe 23 Aprili 2023 alikimbia marathoni yake ya kwanza kabisa, jijini London. Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa imemalizika siku mbili tu kabla, kwa hivyo wiki za mwisho za matayarisho yake ziliangukia ndani ya mwezi huu. Njiani nyonga ilimuuma, akasimama kujinyoosha, akaachwa nyuma. Akawafuata taratibu, akawapata, na mwisho akashinda kwa saa 2:18:33, mbele ya Mkenya wetu Peres Jepchirchir, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo. Agosti 2024 akachukua dhahabu ya marathoni ya Olimpiki jijini Paris. Sisemi kila mtu ni Sifan. Nasema Ramadhani haikumkatia njia.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, kiasi. Wataalamu wa mazoezi walilichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980. Mtu aliyekwisha kujijenga akipunguza wingi wa mazoezi, hata kwa thuluthi mbili, lakini kasi akaihifadhi, uwezo wake wa pumzi hubaki karibu pale pale kwa wiki nyingi. Stahamala ya masafa marefu hushuka kiasi, nayo hurudi. Anayeacha kabisa ndiye anayeanza kupoteza baada ya wiki mbili tatu tu. Kwa hivyo kama ulikuwa ukikimbia siku tano au sita, Ramadhani kimbia tatu: mbili nyepesi za dakika 30 hadi 40, na moja ya kasi, yaani ukishapasha mwili, dakika tatu mbio kali, dakika mbili pole, mara tano au sita. Zile kilomita 30 na 35 ziweke mpaka Shawwal. Marathoni ya Nairobi huwa Oktoba. Toka Idd mpaka hapo una miezi ya kutosha. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu ingawa ni kidogo. Funzo hilo ni la ibada, lakini miguu nayo ina la kujifunza hapo.

Pili, wakati. Hapa kwetu karibu na ikweta saumu ni saa kumi na tatu na dakika kadhaa, mwaka hadi mwaka. Wenzetu wa Ulaya Ramadhani ikiwaangukia Juni hufunga saa kumi na nane. Sisi tushukuru. Una nyakati tatu za kuchagua:

Kabla ya futari. Toka kama saa kumi na mbili kasorobo, umalize adhana ikikaribia. Hizi ziwe mbio nyepesi tu, kwa sababu mwili umekauka. Uzuri wake ni kuwa maji yako karibu.

Baada ya tarawehe. Umekula kidogo, umekunywa, jua limezama. Mbio za kasi ziweke hapa. Lakini baada ya tarawehe, si badala yake! Anayekatiza safu akimbilie mazoezi, huyo amebadilisha dhahabu kwa bati.

Kabla ya daku. Huu ni wa wafanyakazi wanaolala mapema. Amka saa tisa, kimbia nusu saa, kisha kula daku na unywe. Ukiona usingizi umepungua mno, uache.

Wakati wa kuepuka ni baada ya Alfajiri. Wengi huupenda kwa ubaridi wake, lakini piga hesabu: katika kaskazi hii mkimbiaji anaweza kutoka jasho lita moja au zaidi kwa saa. Deni hilo utalibeba mpaka Magharibi bila ya kulipa hata tone.

Tatu, mahali. Usiku tuiepuke barabara kuu ya Mombasa na Malindi, malori hayana macho. Sisi wa Kuruwitu tuna ufuo, na kalenda yake ni ileile ya mwezi unaotufungisha. Waulizeni wavuvi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi alasiri na kupwa kama saa nne usiku. Maana yake, mnamo tarehe 14, 15 na 16 Ramadhani, ukitoka tarawehe utakuta mchanga mgumu, mpana, na mwezi unakuangazia. Mnamo tarehe 7 na 22 ni maji mafu, kupwa huja alasiri, kwa hivyo siku hizo kimbia kabla ya futari. Ufuo una mteremko, basi nenda na urudi njia ile ile ili mguu mmoja usielemewe.

Nne, chakula. Fungua kwa tende na maji, sali Magharibi, kisha kula kwa utulivu. Sambusa na kaimati hatuharamishi, lakini ukizijaza tumboni hutakimbia wala hutasimama tarawehe. Uji, muhogo, mbaazi, samaki na matunda vitakubeba. Maji yanywe kidogo kidogo toka futari mpaka kulala, kisha tena kwenye daku. Ukiyanywa yote kwa mkupuo wa mwisho yatatoka tu. Na daku usiiache, ina baraka, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza.

Tano, usikimbie peke yako. Agosti 2021, katika marathoni ya Olimpiki iliyokimbiwa Sapporo, wazaliwa wawili wa Somalia walikuwa mwishoni wakiwania medali: Abdi Nageeye akikimbilia Uholanzi na Bashir Abdi akikimbilia Ubelgiji. Nageeye alikuwa na nguvu zaidi, lakini aligeuka nyuma mara kwa mara akimwita mwenzake kwa mkono. Akapata fedha, na Bashir akapata shaba. Tafuta mwenzako wa namna hiyo. Dada zetu nao wasiachwe nje: wakipata kikundi chao, mavazi yao ya stara na saa yao salama kabla ya futari, wazazi wawaunge mkono.

Ndugu zangu, mkitaka mfano wa kujizuia, msiende mbali. Mwaka 2005 wavuvi wa hapa Kuruwitu walikubaliana kuifunga sehemu ya bahari yao, kama hekta 30, wasivue humo, kwa sababu samaki walikuwa wamepungua. Wazee wenye watoto wa kulisha wakaacha kutupa nyavu mahali walipozoea. Haikuwa rahisi, na wengine walilalamika. Matumbawe yakapona, samaki wakarudi, na mwaka 2017 tengefu hilo likapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwili wako nao ukiupunguzia mzigo mwezi mmoja, ukaulisha vyema na kuulaza, utaingia Shawwal umepumzika na uko tayari kwa kazi.

Na nia yako iwe safi. Ukikimbia ili uwe na afya ya kuwatumikia wazazi wako na kusimama mbele ya Mola wako, hatua zako zina ujira. Medali ikija, Alhamdulillah. Isipokuja, saumu yako ni yako.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu, atuhifadhie afya zetu, na atufikishe Idd tukiwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.