Muuguzi Aliyeandika Dawa

Leo tunakwenda Marekani, kufuatilia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la vyuo na vyeti tu: ilikuwaje muuguzi akaanza kusomea shahada ya uzamili ili ampime mgonjwa, atambue ugonjwa na kuandika dawa yeye mwenyewe. Ukilichimba, utakuta ugomvi mrefu. Kila wauguzi walipoonyesha kwamba kazi wanaiweza, alitokea mtu wa kuuliza wameruhusiwa na nani. Na kila swali hilo lilipoulizwa, masomo yalirefuka.

Tuanzie mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, mwishoni mwa karne ya 19. Katika hospitali walikofanyia upasuaji ndugu wawili, William na Charles Mayo, aliyewatia wagonjwa usingizi alikuwa muuguzi, Alice Magaw. Kwingineko kazi hiyo aliachiwa daktari kijana, tena mara nyingi macho yake yalikuwa kwenye kisu kuliko kwa mgonjwa. Magaw alikaa kichwani pa mgonjwa. Alimfunika pua na mdomo kwa shashi, akaidondoshea etha tone kwa tone, huku akimsemesha kwa upole mpaka alale. Mwaka 1906 alichapisha hesabu yake: wagonjwa zaidi ya 14,000, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa sababu ya dawa ya usingizi.

Ungedhani hesabu hiyo ingefunga mjadala. Wapi! Mwaka 1917 suala la wauguzi wa usingizi lilifika mahakamani Kentucky. Miaka ya 1930 likafika California, ambako muuguzi Dagmar Nelson alidaiwa kufanya udaktari bila leseni. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilimpa haki mwaka 1936, kwa hoja kwamba alikuwa akifanya kazi chini ya maelekezo ya daktari mpasuaji. Msikilizaji, yaweke akilini maneno hayo: chini ya maelekezo.

Chuo kikuu kinaingia vipi hapa? Kwa njia ya Hildegard Peplau, muuguzi wa magonjwa ya akili. Aliandika kitabu kuhusu uhusiano wa muuguzi na mgonjwa, akakimaliza mwaka 1948, kikatoka mwaka 1952. Kikwazo kilikuwa kwamba hapakuwa na jina la daktari jaladani pembeni ya jina lake, na kwa wakati ule muuguzi kuandika nadharia peke yake lilikuwa jambo la ajabu. Miaka miwili baada ya kitabu kutoka, mwaka 1954, Peplau alianzisha katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, masomo ya uzamili ya kuwaandaa wauguzi mabingwa wa magonjwa ya akili. Yalikuwa ya kwanza ya aina yake. Kabla ya hapo, muuguzi aliyekwenda kusoma uzamili kwa kawaida aliandaliwa kufundisha au kusimamia ofisi, yaani kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuwa mbali na kitanda cha mgonjwa. Peplau alimrudisha kitandani akiwa na shahada yake mkononi. Kwangu mimi huo ndio mgeuko mkubwa katika habari hii, ingawa sifa nyingi huenda kwa watu wa Colorado.

Nao wana sifa zao. Loretta Ford alikuwa muuguzi wa afya ya jamii katika wilaya ya Boulder, Colorado. Vijijini huko daktari alikuwa wa kubahatisha, na wauguzi ndio waliokuwa wakiendesha kliniki za watoto. Ford aliona kwamba wauguzi wake tayari walikuwa wakifanya maamuzi makubwa. Kilichopungua ni mafunzo na kibali. Mwaka 1965, yeye na daktari wa watoto Henry Silver walianza programu katika Chuo Kikuu cha Colorado. Wanafunzi walikuwa wauguzi wenye uzoefu. Kwa miezi 4 walifundishwa kumpima mtoto tangu utosini hadi unyayoni: kumulika ndani ya sikio kuona kama kiwambo kimewiva kwa uambukizo, kusikiliza moyo na kutofautisha mlio wa kawaida na ule wa hatari, kumhoji mama kuhusu ulaji na usingizi wa mwanawe. Kisha wakarudi kwenye jamii kufanya kazi.

Ford aliutaka mpango huo uwe wa uzamili, lakini ulianza bila shahada, kama majaribio. Upinzani mkali ukatoka nyumbani, kwa wauguzi wenzake. Martha Rogers, profesa wa uuguzi huko New York, aliona kwamba huku ni kuwavuta wauguzi waache uuguzi na kuwa madaktari wadogo.

Mahitaji hayakungoja wakubaliane. Mwaka huohuo wa 1965 serikali ilianzisha bima ya afya ya wazee na mpango wa matibabu kwa maskini, Medicare na Medicaid, na madaktari hawakutosha. Kozi zikachipuka kote nchini, nyingine za miezi michache tu, za ubora usiolingana. Hapo wapinzani walipata hoja nzuri, na lazima tuseme haikuwa ya uongo. Vyuo vikajibu kwa kupandisha kiwango, na kufikia miaka ya 1990 uzamili ukawa ndio mlango wa kawaida wa kuingilia kazi hiyo. Mwaka 1997 sheria ikaruhusu wauguzi hao kulipwa moja kwa moja na Medicare popote nchini, kwa asilimia 85 ya anacholipwa daktari.

Mwaka 2004 vyuo vya uuguzi vikaazimia kwamba ifikapo 2015 kiwango kiwe uzamivu. Mwaka huo ulifika ukapita, na wengi bado wanaingia kwa uzamili. Wauguzi wa usingizi peke yao ndio waliofungwa kabisa na sharti hilo: tangu Januari 2022 kila anayeanza masomo hayo lazima awe katika programu ya uzamivu. Binafsi nina shaka kama mtoto mwenye sikio linalouma anatambua tofauti.

Na ruhusa je? Mwenye shahada hizo akifungua kliniki Las Cruces, jimbo la New Mexico, anapima, anatibu na kuandika dawa bila kumhitaji daktari yeyote. Akihamia El Paso, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, mwendo usiofika saa moja kwa gari, yuko Texas. Huko haandiki dawa mpaka awe na mkataba uliotiwa saini na daktari.