Ngiri Ikibana Usingoje Kesho



Leo tuzungumze juu ya maumivu ya tumbo yanayoweza kuua haraka.

Funga uzi kwenye kidole chako. Muda si mrefu kidole kinabadilika rangi na kuuma, kwa sababu damu haipiti. Ukifungua upesi, kinapona. Ukiuacha uzi, kinakufa. Utumbo nao ni hivyo hivyo.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa karibu meta 6. Wote hulishwa na damu. Damu ikikatika kabisa, utumbo huanza kufa baada ya saa chache tu.

Damu huzuiwa na nini? Kwanza, ngiri, ambayo wengine huiita mshipa. Utumbo hupenya kwenye tundu la nyama za tumbo, ukabanwa hapo. Pili, utumbo hujisokota kama kamba. Tatu, damu iliyoganda huziba mshipa. Hili huwapata zaidi wazee, wenye ugonjwa wa moyo na wavuta sigara. Tumbaku tunailima, lakini moshi wake huharibu mishipa ya damu.

Dalili ni hizi: maumivu makali, kutapika, tumbo kuvimba, kukosa choo na hata upepo. Ngiri huwa ngumu, inauma, hairudi ndani. Pengine choo huwa na damu.

Hapo wengine husema, "Ni chango, mpeni haluli." Hapana! Msimpe chakula wala dawa ya kuharisha. Msimkande tumbo. Msiisukume ngiri kwa nguvu. Mpelekeni hospitali saa ile ile, hata usiku. Hapa kwetu upasuaji hufanyika katika Hospitali ya Mkoa Songea na hospitali ya misheni Peramiho.

Daktari humwekea mgonjwa maji kwa sindano, kisha humpasua. Utumbo ulio hai hufunguliwa. Uliokufa hukatwa, na sehemu nzima zikaunganishwa. Anayewahi ana nafasi kubwa ya kupona na kurudi shambani.

Nawe mwenye ngiri isiyouma, usione haya. Mwone daktari akupangie upasuaji mapema. Ikianza kuuma, usingoje mavuno.

Sasa jadilianeni: mgonjwa akizidiwa usiku kijijini kwenu, atabebwa na chombo gani, na nani ataamshwa? Kubalianeni leo, kabla hajaugua mtu.