Somo Moja Lisilipiwe Mara Mbili

Hotuba kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia, mitaa ya Eastlands, Nairobi

Nimeombwa kuzungumza juu ya karo, kwa sababu vikundi vingi hapa vinakopesha pesa za karo sawa na zile za biashara. Kutafuta karo mnakujua kunishinda, kwa hivyo huko sitaenda. Nataka kusema juu ya karo inayolipwa mara mbili kwa somo lile lile. Na nyinyi mtakaosomewa maneno haya vijijini, mliomtuma mtoto Nairobi kwa pesa za harambee, msidhani haiwahusu.

Kuna msichana mmoja wa Kayole. Kikundi cha mama yake kilimkopesha karo ya diploma ya maendeleo ya jamii. Alipita vizuri, akapata kibarua, halafu akataka digrii. Kikundi kikakopesha tena. Kufika chuo kikuu akaketi darasa la mwaka wa kwanza, akafundishwa upya sosholojia ya mwanzo na uhasibu wa mwanzo, mambo ambayo alikuwa ameshayafanyia mtihani. Hakuna mtu aliyemkatalia kuhamisha masomo yake. Hakuuliza tu. Na mimi niliyemwandikia barua ya kumpendekeza sikumwambia aulize. Mama wawili waliokuwa wakingoja zamu yao ya mkopo walingoja mwaka mzima zaidi.

Kuhamisha masomo ni jambo rahisi kueleza. Zile yuniti ulizopita katika chuo cha kwanza, chuo kikuu kinazikubali ziwe sehemu ya digrii. Huzisomi tena, huzilipii tena. Digrii ya miaka 4 inaweza kumalizika kwa 3. Wengine wanatatizwa na neno. Mtoto anarudi nyumbani akisema, "Mama, nimepata krediti," na mama anafikiri masomo yamehamishwa. Hapana. Krediti ya KNEC ni daraja ya kupita mtihani, iko chini ya distinkshoni na juu ya pasi. Inasaidia, maana vyuo vikuu vingi havipendi kuhamisha somo lililopitwa kwa pasi, lakini haihamishi kitu yenyewe.

Je, kuna sheria? Iko. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria iliyounda mamlaka ya KNQA, ambayo kazi yake ni kupanga vyeti vyote vya Kenya kwenye ngazi moja yenye vidato 10. Diploma iko kidato cha 6, digrii cha 7, udaktari wa falsafa cha 10. Nia ni kwamba mtu apande kutoka pale alipo, asirudishwe chini kila anapobisha mlango mpya. Lakini ngazi haikubebi. Anayeamua yuniti zipi zihesabiwe ni chuo kikuu kinachokupokea, na hata kikiwa na moyo mzuri namna gani, hakiwezi kuhamisha zote. Sehemu kubwa ya digrii lazima uisomee kwao. Kwa hivyo mtu akikuambia diploma ya miaka miwili ni nusu ya digrii, usimwamini mpaka uone barua.

Mimi mwenyewe nilianguka hapo. Nina diploma ya kazi za jamii. Miaka kadhaa baada ya kuhitimu nilikwenda chuo kikuu kimoja kuomba digrii, nimebeba cheti changu ndani ya bahasha safi. Karani akakitazama, akaniuliza, "Silabasi iko wapi?" Cheti kinasema ulipita. Transkripti inasema ulipita somo gani na kwa alama ngapi. Lakini ni silabasi inayoonyesha ulifundishwa nini na kwa saa ngapi, na hiyo ndiyo mwalimu wa chuo kikuu analinganisha na somo lake, moja kwa moja. Za kwangu nilikuwa nimeziwashia jiko. Nilirudi chuo cha zamani nikakuta idara imebadilishwa na walimu wametawanyika. Sikuhamisha hata yuniti moja, nikarudi nyumbani, na digrii hiyo sijaisoma mpaka leo.

Basi mtoto akianza chuo, makaratasi ya silabasi anayopewa mwanzo wa kila muhula yawekwe pamoja na kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Kava la plastiki linatosha.

Jambo lingine ni salio la karo. Hili naliona kila mwaka. Mtoto amemaliza, amepita, lakini anadaiwa shilingi elfu chache, na chuo kimezuia transkripti. Bila transkripti hakuna wa kuzungumza naye. Kikundi kinasema, "Tulishamaliza naye, sasa ajitegemee." Mimi naona hesabu hiyo ni mbaya. Salio dogo linafunga mlango wa mwaka mzima wa karo. Heri kulilipa kabla ya kutoa mkopo mpya.

Halafu kuna hivi vyuo vya juu ya maduka. Vingine ni vizuri, sisemi vibaya. Lakini kabla ya kulipa, ulizeni kama chuo kimesajiliwa na TVETA, na kama kozi yenyewe imekubaliwa, kwa maana chuo kinaweza kuwa na kibali cha kozi moja na kikafundisha tano. Ulizeni pia mtihani unatolewa na nani. Masomo ya chuo kisichotambuliwa hayahamishiki.

Kwingine wamepanga mapema. Jimbo la California, huko Marekani, lilitunga sheria mwaka 2010 kwamba anayemaliza kozi fulani za miaka miwili katika chuo cha jamii ahakikishiwe nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, akiwa ameshavuka nusu ya njia. Mwanafunzi anajua kabla ya kulipa. Kwetu, kujua kabla ya kulipa ni kazi ya miguu. Kabla ya kuchagua diploma, mtoto aende kwenye ofisi ya msajili wa chuo kikuu anachokitamani, aulize wanapokea diploma gani na wanahesabu yuniti zipi. Apewe jibu la maandishi. Jibu la mdomo hubadilika karani akihamishwa.

Ninaomba waweka hazina waongeze mstari mmoja kwenye fomu ya mkopo wa karo ya digrii: "Umeuliza kuhamisha masomo? Ambatanisha jibu." Asiye na jibu aende kwanza akalitafute, pesa itamngoja.

Mafundi wenye vyeti vya majaribio ya NITA, yenu ni habari ndefu, tutaitengea siku yake. Wenye watoto waliomaliza diploma mwaka huu, nipeni hizo transkripti sasa tukae nazo pale nyuma, tuanze na wale wanaodaiwa.